Kabla Hujapiga Windows Upya: Kuisoma Kompyuta ya Nyumbani kwa Dalili Zake

Kompyuta ya nyumbani ikianza kusumbua, shauri la kwanza utakalopewa na jirani, shemeji au kijana wa dukani ni moja: "Ipige Windows." Inapigwa, yaani Windows inafutwa na kuwekwa upya, inakaa sawa wiki mbili tatu, halafu inarudi palepale. Vumbi limebaki ndani, diski inayokufa ni ileile, na ekstensheni inayocheza ukutani haijaguswa. Kilichoondoka ni picha za harusi na mafaili ya shule ya watoto.

Mimi ni fundi, nafanyia kazi Dar es Salaam, na kompyuta nyingi zinazopita mezani kwangu ni za mtumba zilizoingia kutoka Ulaya na Dubai: Dell OptiPlex za mezani, HP EliteBook, ThinkPad. Ni mashine imara, zilitengenezwa kwa kazi za ofisi, na nyumbani zinaweza kuishi miaka mingi mwenyewe akizitunza. Nitaeleza matunzo hayo kupitia dalili, maana watu wengi hutafuta msaada siku ambayo kitu kimeshagoma. Maelezo ya programu yanahusu Windows. Ya joto, vumbi na umeme hayachagui mfumo.

Imekuwa nzito

Mtu akiniambia kompyuta yake nzito, namuuliza: nzito wakati gani? Kuna inayosumbua ikiwashwa tu, baada ya dakika tano sita inafunguka. Kuna iliyo nzito kutwa nzima. Na kuna inayoanza vizuri, ikifika nusu saa inaanza kujikokota. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa ya mmoja haiutibu mwingine.

Inayosumbua wakati wa kuwaka ina programu nyingi zinazojifungua zenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litafunguka dirisha la Task Manager, kisha ingia palipoandikwa "Startup". Utakuta orodha ndefu: programu za mikutano ya video, za muziki, za kupakua filamu, za printa ambayo huna tena. Zima zote unazozifungua mwenyewe ukizihitaji. Kuzima hapo si kuifuta programu, ni kuizuia tu isiamke pamoja na kompyuta. Antivirusi iache, na usichokijua kiache mpaka umekiulizia.

Iliyo nzito kutwa nzima, fungua dirisha hilohilo utazame safu tatu: CPU, Memory na Disk. Safu iliyojaa ndiyo yenye shida. Kwenye mashine za zamani mara nyingi ni Disk, inasoma asilimia 100 hata kama hujagusa kitu. Diski ya aina ya zamani ni sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kuna kichwa kidogo kinachokimbia huku na huku kutafuta kilichoandikwa. Windows za sasa zinasoma vitu vidogovidogo vingi kwa wakati mmoja, na kichwa kile hakiwezi kuwa kila mahali. Hapo hata upige Windows mara ngapi, hupati kitu. Kama una fedha ya kufanya jambo moja tu kwenye kompyuta ya zamani, weka SSD, diski ya aina mpya. Haina kinachozunguka, na ya GB 256 inatosha nyumba nyingi. Nimeona watu waliokuwa wamekwisha kuichoka mashine yao wakaendelea nayo kwa furaha baada ya badiliko hilo moja.

Ikiwa iliyojaa ni Memory, basi RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haitoshi. GB 4 zilikuwa nyingi zamani. Leo brauza yenye kurasa kumi na tano, pamoja na WhatsApp ya kompyuta, inazimaliza. Ongeza zifike 8, lakini usinunue kwa kukisia: RAM zina vizazi, ya DDR3 haiingii palipo na DDR4, na ya kompyuta mpakato ni fupi kuliko ya mezani. Njia salama ni kuchomoa iliyopo na kwenda nayo dukani. Kabla ya kununua, jaribu kwanza kufunga kurasa usizozisoma.

CPU, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta, ikijaa, soma jina la kinachoila. "Antimalware Service Executable" ni ulinzi wa Windows wenyewe unakagua mafaili, uache umalize. Likiwa ni jina usilolielewa kabisa na halishuki saa nzima, wahi kwenye sehemu ya virusi hapo chini.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wanakisahau: diski imejaa. Windows inahitaji nafasi ya kupumulia kwenye C, sehemu ya diski inamokaa, na ikibaki GB mbili tatu kila kitu kinakwama, hata masasisho yanashindikana. Ingia "Settings", halafu "System", halafu "Storage", ubofye "Temporary files". Hapo kuna mtego. Kwenye orodha ile folda ya "Downloads" imo pia, na ukiitia alama inafutwa na vyote vilivyomo. Watu wengi huhifadhi humo kila walichopakua, hadi vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa. Soma kila mstari kabla ya kufuta. Ukimaliza, washa "Storage Sense" ili usafi huo ujifanye wenyewe.

Kuzima nako kuna jambo lake. Kwenye Windows 10 na 11, ukibofya "Shut down" mara nyingi mfumo haulali wote: sehemu yake ya ndani inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo mtu anaweza kuzima kila usiku, na bado tatizo lile la juzi linaamka naye asubuhi. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli. Ifanye mara moja kwa wiki, na kila kitu kinapokuwa cha ajabu ianze hiyo kabla ya jingine lolote.

Zile programu za bure zinazojitangaza kuwa zitasafisha kompyuta na kuiongezea kasi maradufu, ziache. Nyingi ndizo zinazoileta shida. Na mwenye SSD asihangaike na kupanga diski kwa programu za zamani za kazi hiyo. Windows ina utaratibu wake, inaufanya yenyewe kila wiki.

Feni inalia, mashine ina moto, inajizima

Huyu ndiye mgonjwa wa tatu, anayeanza vizuri kisha anachoka. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi joto 100. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili zisiungue, ndiyo maana unaona uzito, na joto lisiposhuka kompyuta inajizima papo hapo bila kuaga. Alama ya kulitambua joto ni hii: imejizima ukiwa kwenye video au mchezo, ukiiwasha inawaka kidogo inazima tena, ukiiacha nusu saa inakubali. Umeme mbovu hauna adabu hiyo.

Chanzo karibu siku zote ni vumbi. Fungua kasha la kompyuta ya mezani iliyokaa sebuleni miaka miwili bila kuguswa: juu ya prosesa kuna feni, na chini ya feni kuna vibati vyembamba vya alumini vilivyosimama kwa mstari, hewa ipite katikati yake. Ukiinua ile feni hutaviona vibati. Utaona tabaka la kijivu lililoshikana, nywele, nyuzi za zulia, na kama mvua za vuli zimepita karibuni, mbawa za kumbikumbi waliofuata mwanga wa taa. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote, na upepo wake hauendi popote. Kwenye mpakato ni hivyohivyo, ila tabaka limejificha kati ya feni na tundu la pembeni, na kwa nje huoni kitu.

Kusafisha ya mezani unaweza mwenyewe. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukikishikilia sekunde kumi au zaidi ili umeme uliobaki ndani uishe. Ipeleke nje, barazani, usilitoe vumbi kwenye kasha ukalimwaga sebuleni. Shika chuma cha kasha kwa mkono kabla hujagusa kitu cha ndani. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, au blowa ndogo. Unapopuliza, zuia panga za feni kwa kidole: zikizungushwa kwa kasi na upepo zinaharibu beringi. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na mate, na mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, haipendi hata kimoja. Mashine ya kufyonzea vumbi usiiingize ndani, inazalisha umeme tuli unaoweza kuua RAM bila cheche kuonekana. Na lile boksi la chuma linaloingiwa na waya wa ukutani, pawa saplai, lipulize kwa nje tu. Usilifungue. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa kudhuru mtu hata baada ya kuchomolewa.

Ukishasafisha na joto likabaki palepale, pesti ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na chuma chake imekauka. Fundi ataikwangua kwa spiriti na kuweka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko. Ni kazi ya muda mfupi, bei yake ndogo, na kwa mashine ya mtumba ningeifanya mara tu inaponunuliwa, maana hujui imekaa na ile ya kiwandani miaka mingapi.

Mengine ni ya mahali unapoiweka. Mpakato kwenye godoro au mto umezibwa matundu ya chini, weka ubao au hata sinia lililogeuzwa. Ya mezani isikae sakafuni pale fagio linapopita kila asubuhi, ipandishe juu ya kigoda. Vile vitambaa vya kufuma tunavyopambia sebule ni vizuri sana, na kompyuta ikiwa imezimwa vinaizuia vumbi kweli. Ikiwashwa viondolewe, kwa sababu vinafunika hasa matundu ya kutolea joto. Kwa mji wa pwani, kuifungua mara mbili kwa mwaka kunatosha. Dodoma, Singida au Shinyanga wakati wa kiangazi, nisingesubiri zaidi ya miezi mitatu.

Haiwaki kabisa

Anzia ukutani, usianzie kwenye kompyuta. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Halafu iruke ekstensheni, chomeka moja kwa moja. Halafu badilisha waya. Vitu hivyo vitatu vimewaokoa watu wengi na gharama za kubadilishiwa pawa saplai nzima.

Kuna tatizo ambalo limeletwa na mashine za mtumba zenyewe, na linanisumbua moyo kwa sababu ni la hatari. Zilizotoka bara Ulaya huja na plagi ya miguu miwili ya duara. Soketi zetu ni za matundu matatu ya pembe nne kama za Uingereza, na tundu la juu ndilo linalofungua milango ya mawili ya chini. Basi mtu anachukua kalamu, anaitia tundu la juu, milango inafunguka, anasukuma plagi ya Ulaya kwa nguvu. Inawaka. Lakini plagi ile haikai vizuri, inacheza, inatoa cheche, mwishowe plastiki inageuka rangi ya kahawia. Na eathi, waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, haijaunganishwa kabisa. Ndiyo maana ukigusa kasha kwa mkono mtupu au mguu peku unahisi kitu kinatekenya. Umeme ule mdogo unatoka kwenye kichujio cha pawa saplai, ambacho kazi yake ni kuupeleka kwenye eathi, na hapa hauna pa kwenda. Kwa kiwango hicho hauui, ila unakwambia kuwa siku waya wa ndani ukigusa kasha kwa bahati mbaya, hakuna kitakachokukinga wewe wala mtoto wako. Waya wenye plagi ya miguu mitatu na fyuzi ndani unauzwa kila duka la kompyuta. Nunua leo. Ukiubadilisha na bado kasha linatekenya, eathi ya nyumba ndiyo yenye kasoro. Muite fundi umeme.

Mashine iliyotoka Marekani itazame nyuma kabla ya kuichomeka mara ya kwanza. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu inayosoma 115 au 230. Umeme wetu Tanzania ni volti 230. Ikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja mkali na harufu, na hapo imekwisha.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie ndipo uchomeke, kwa kuwa mtikisiko wa mwanzo ndio unaounguza. Kwa kompyuta ya mezani UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ni kitu cha lazima, hata ndogo, maana kuzimika katikati ya kuandika ndiko kunakoharibu diski na mafaili. Betri yake, kwa kawaida ya volti 12, huchoka baada ya miaka mitatu au minne, na UPS yenye betri iliyokufa ni ekstensheni ya bei ghali. Ipime kila baada ya miezi michache: hifadhi kazi yako, chomoa UPS ukutani huku kompyuta inawaka, uone inadumu muda gani. Na usichomeke pasi wala printa ya leza humo.

Fundi akikwambia amekuta mjusi ndani ya pawa saplai, mwamini. Wanapenda joto lile usiku, na mwili wake ukigusa pande mbili kila kitu kinaungua pamoja naye. Matundu ya nyuma ambayo yameachwa wazi baada ya kadi kutolewa yazibwe kwa vibati vyake.

Inawaka, feni zinazunguka, kioo cheusi. Kwanza hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye tundu sahihi nyuma. Kama kuna milio ya bip inayojirudia, mara nyingi ni RAM. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na meno yale ya dhahabu hushika utando. Zima, chomoa, toa RAM, yasugue meno taratibu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa vumbi la ufutio, rudisha mpaka isikike imebana pande zote. Wengi huishia hapo wakiwa wamepona.

Kwa mpakato isiyowaka: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, chomeka chaja peke yake, jaribu. Chaja ya kununua iwe na volti sawasawa na zilizoandikwa chini ya mashine, na ampea zisiwe pungufu. Na ukiona kibodi imeinuka, au kipanya cha kugusa hakibonyei tena kama zamani, betri imevimba. Iache kutumika siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiikandamize irudi, usiiache ikichaji usiku kucha watu wamelala.

Diski inagonga, mafaili hayafunguki

Ukisikia tik, tik, tik kutoka ndani, au folda iliyokuwa ikifunguka mara moja sasa inachukua dakika nzima, acha kila kitu unachofanya. Usipige Windows. Usiendeshe programu ya kurekebisha diski. Kila dakika diski inayokufa inapozunguka inapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kunakili, na kunakili kwa mpangilio: picha za familia, vyeti, hati za kiwanja, kazi za shule. Filamu na muziki vitapatikana tena. Ukishamaliza, pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma hali ya diski. Ikiandika "Good" na bluu, umepata nafuu na uanze kutafuta chanzo kingine. Ikiandika "Caution" au "Bad", nunua nyingine wiki hii.

Mwenye nakala hana cha kuogopa katika haya yote. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure, zinatosha nyaraka zote za nyumba na picha zenye maana kubwa. Picha nyingi zaidi weka kwenye diski ya nje, na diski hiyo ukimaliza kunakili ichomoe uihifadhi mbali na kompyuta. Mwizi anayechukua kompyuta hubeba na kilichochomekwa, na virusi vinavyofunga mafaili kwa kudai fedha hufunga na ya diski iliyounganishwa. Flashi ni ya kubebea. Usiifanye ghala.

Mafaili ya flashi yamegeuka, au kompyuta inafanya yasiyoeleweka

Umetoka steshenari kuprinti, ukifungua flashi nyumbani kila folda ina mshale mdogo pembeni na ukubwa wake ni KB moja au mbili. Mafaili yako hayajapotea. Virusi vimeyaficha na kuweka njia za mkato badala yake, na ukibofya yoyote ndipo vinaingia kwenye kompyuta. Kwa hiyo usibofye. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya flashi, chagua "Scan with Microsoft Defender", acha ikague. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike, ukiweka herufi ya flashi yako palipo na E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yataonekana tena. Yanakili pembeni, futa zile njia za mkato, iformati flashi. Kwa siku zijazo, mtumie wa steshenari waraka kwa barua pepe, au tenga flashi moja ya kuprintia isiyobeba kitu kingine.

Watu huniuliza wanunue antivirusi gani. Kwa nyumba ya kawaida, Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha, sharti iwe imewashwa na inasasishwa. Mbili kwa pamoja zinagombana na kuifanya mashine nzito. Kinachoshinda ulinzi wowote ni ile programu ya kuamilisha Windows ya wizi ambayo, kabla haijafanya kazi, inakuomba uzime Defender. Umefungua mlango mwenyewe. Na mara nyingi hakukuwa na haja: mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 zina leseni yake ndani ya mazabodi, ukiweka Windows halali ya toleo lilelile inajitambua yenyewe ikipata intaneti.

Masasisho nayo ni ulinzi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft walikuwa wamekitoa Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka.

Bando linaisha usiku mmoja

Umeiunganisha kompyuta na simu, asubuhi bando la wiki limekwisha. Windows ilifikiri iko kwenye intaneti isiyo na kikomo ikapakua masasisho. Ingia "Settings", "Network & internet", fungua jina la mtandao wa simu yako, uwashe "Metered connection". Itaacha upakuaji mkubwa. Lakini usiishie hapo ukasahau masasisho mwaka mzima: mara moja kwa mwezi, ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini au chuoni, iache ipakue yote.

Kwa Windows 10 jambo limebadilika. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta nyingi za mtumba zilizoko majumbani ni za kizazi cha 3 hadi cha 7. Hazijafa. Kwa familia inayotumia brauza, barua pepe na kuandika tu, ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao ni bure na unakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4. Anayenunua sasa aulize kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei.

Saa inarudi nyuma

Kila ukiwasha, tarehe ni ya miaka iliyopita, na tovuti zinakataa kufunguka zikidai si salama. Betri ndogo ya duara kwenye mazabodi imekwisha. Inaitwa CR2032, ya volti 3, inauzwa hata kwenye maduka ya saa. Itoe, weka mpya, maandishi yakitazama juu, rekebisha tarehe.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Usimwambie "imeharibika". Mwambie ilianza lini, ulikuwa unafanya nini, na kama kuna ujumbe ulitokea kwenye kioo cha bluu (au cheusi, kwa Windows 11 za karibuni), upige picha kwa simu, hasa mstari wenye maneno "Stop code". Mtake ataje chanzo kabla ya kutaja dawa. Jibu lake la kwanza likiwa ni kupiga Windows kabla hata hajaifungua, una haki ya kuibeba uende kwa mwingine. Na akibadilisha diski, ondoka na ile ya zamani hata kama haisomi tena, kwa sababu mwenye vifaa anaweza kuyatoa yaliyomo, na yaliyomo ni yako.